Mfugaji humpa mtoto ndama, sisi wakulima tunampa jembe tu



Leo siongelei kitunguu wala bei ya ngwara. Leo nina ugomvi na wewe. Ni ugomvi wa heshima, maana wengi wenu mmenizidi umri na mlianza kulima kabla sijazaliwa. Unahusu mtoto wako wa miaka mitano, sita au nane, na kile kipande cha ardhi nyuma ya jiko unapomwaga maji ya vyombo.

Nianze na jirani zetu wafugaji. Ukipita geti la Loduare kwenda Ngorongoro utawaona watoto wadogo wa Kimaasai wakichunga mbuzi na kondoo. Kwa desturi, mtoto wa mfugaji hupewa mnyama wake akiwa bado mdogo. Mnyama anakaa zizini kwa baba na anachungwa na kundi lote, lakini boma zima linajua kwamba yule mwenye baka ni wa mtoto fulani. Akizaa, kizazi kile ni cha mtoto. Sasa mshangao uko wapi ukikuta mtoto huyo anajua dalili za ugonjwa, majani mazuri na njia ya maji bila kupelekwa semina?

Sisi wakulima wa Rhotia, Mbulumbulu, Endabash na Oldeani tunampa mtoto nini? Tunampa jembe. Shamba ni la baba, mbegu ni za baba, mavuno ni ya baba, na fedha ya mavuno hata mama hajui imeishia wapi. Mtoto amepewa jasho tu. Akifika miaka ishirini akakimbilia bodaboda, tunakaa kwenye kikao cha kijiji tunasema vijana wa siku hizi ni wavivu.

Si wavivu. Wamejifunza tulichowafundisha.

Jembe tumeligeuza fimbo

Mtoto akichelewa kurudi dukani, anaambiwa akapalilie mpaka kwenye ule mti. Akipata alama mbovu, anaambiwa: "Usiposoma utaishia kushika jembe." Shuleni akipiga kelele, anapimiwa eneo alime. Mimi mwenyewe nililima matuta ya adhabu nikiwa shule ya msingi, na kilichoniingia kichwani siku ile hakikuwa kilimo. Nilijifunza kuhesabu matuta yaliyobaki.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, shamba la shule halikukusudiwa kuwa mahali pa adhabu. Wanafunzi walitakiwa washiriki kupanga, waamue na waone faida ya kazi yao wenyewe. Kwenye shule nyingi tukabaki na jembe, tukaacha kupanga, kuamua na faida. Na nyumbani tumefanya vivyo hivyo.

Wazee wangu mtaniambia: "Sisi tulilelewa kwa amri, na leo tuna nyumba za bati." Ni kweli. Lakini hesabu watoto wako. Ni wangapi wanalima kwa kupenda, na ni wangapi wanarudi Desemba kula tu?

Msinielewe vibaya. Mtoto kusaidia kazi za nyumbani ni malezi mema. Ninachopinga ni kazi isiyo na chake ndani yake, na ninapinga zaidi kazi inayomuumiza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto kazi yenye kudhuru afya, elimu au makuzi yake. Bustani ninayoisema hapa ni ya dakika ishirini asubuhi au jioni, baada ya shule na siyo badala ya shule.

Mchicha uliouzwa

Katika kijiji kimojawapo nilichohudumia, binti wa miaka saba alipanda mchicha kwenye tuta dogo. Nilimwelekeza mimi. Kila nilipopita alinivuta mkono nikaone. Ukaota vizuri, ukanenepa. Siku moja alfajiri akapita mchuuzi mwenye pikipiki, baba akang'oa tuta zima akauza. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na shida ya fedha kama sisi sote.

Nilipopita baada ya wiki mbili tuta lilikuwa kavu. Nikampa mbegu nyingine, akazipokea kwa adabu. Nikamuuliza atapanda lini. Akanijibu, "Hilo ni la baba."

Baba yule alipata fedha ya sukari. Alichopoteza ni mkulima.

Mboga inapita mlangoni, mtoto hali

Jambo la pili ni sahani. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Kudumaa hakuletwi na njaa peke yake. Tumbo linaweza kujaa ugali kila siku na mwili ukakosa chuma, vitamini na protini.

Wilaya yetu haikosi chakula. Vitunguu vinapakiwa Mang'ola kwa malori, mboga safi zinapelekwa kwenye hoteli za watalii, mbaazi na ngwara zinasafirishwa. Lakini ingia jikoni kwa mkulima mwenyewe uone mtoto anakula nini na ugali mwezi wa tisa. Tunamlisha mgeni wa kulala siku mbili majani mabichi, wa kwetu tunampa mchuzi wa maharage uleule wiki nzima.

Majani ya kijani iliyokolea kama mchicha, mnafu, matembele, majani ya maboga na sukuma wiki yana madini ya chuma na kirutubisho ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A. Yapike muda mfupi, yawe na mafuta kidogo, maana vitamini hiyo inahitaji mafuta ili mwili uipokee. Na wazazi wengi watakuthibitishia: mboga aliyoipanda mtoto mwenyewe, ataila bila kubembelezwa.

Visingizio vitatu

"Sina eneo." Nahitaji hatua mbili za mtu mzima kwa urefu, na upana wa sentimita 80. Kama hata hilo huna, chukua kiroba cha mbolea kilichooshwa vizuri, jaza udongo na samadi, weka karibu na mlango.

"Sina maji." Najua maji Karatu ni shida, na wengine wananunua kwa dumu. Lakini maji ya kuoshea mboga na ya kusuuzia vyombo unayamwaga kila siku. Maji yenye sabuni nyingi usiyatumie, hayo mengine ni ya mtoto.

"Ataharibu." Ndiyo, ataharibu. Atapanda mbegu kwa kina, atamwagia maji mpaka tuta lielee, atang'oa mche kuangalia mizizi. Na wewe mwaka ule ulioweka mbolea yote siku moja, nani alikunyang'anya shamba?

Jinsi ya kuanza

1. *Mahali.* Tafuta sehemu mbili zenye jua la kutosha karibu na jiko, kisha mwache mtoto achague moja. Weka uzio wa miiba au matete kabla ya kupanda. Adui wa kwanza wa bustani ya nyumbani ni kuku wako mwenyewe.

2. *Tuta.* Upana usizidi sentimita 80, ili mkono mfupi ufike katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga. Kiangazi, chimba tuta la kuzama ili maji yasikimbie. Masika, linyanyue ili maji yasituame. Kazi ya kuchimba ni ya mtu mzima.

3. *Samadi.* Debe moja au mawili ya samadi iliyooza kabisa, isiyo na joto wala harufu kali. Mbichi inaunguza miche na ina vijidudu. Mtoto anawe mikono kwa sabuni kila anapomaliza.

4. *Anza na mchicha.* Mtoto hawezi kusubiri miezi mitatu. Mchicha unaota ndani ya wiki moja, na wiki ya tatu au ya nne unaanza kung'olewa. Mwezi wa sita na wa saba baridi yetu huuchelewesha, mweleze mapema. Changanya mbegu na mchanga mkavu, pandeni kwenye mistari ya sentimita 20, mfukie kwa udongo kidogo sana. Tandaza nyasi kavu juu, na uziondoe mbegu zinapoanza kuchomoza.

5. *Maji.* Toboa kopo safi matundu madogo kwa msumari. Hilo ndilo kopo lake. Amwagilie asubuhi au jioni.

6. *Ongeza taratibu.* Mchicha ukishaliwa, mpe miche minne hadi sita ya sukuma wiki au chainizi. Matembele yapandwe pale maji yanapomwagika, na boga lipande uzio. Pakiti moja ya mbegu inatosha kaya tatu au nne, changieni.

Wa miaka mitatu au minne apewe kumwagilia na kuokota viwavi. Wa miaka sita apande na kung'oa magugu. Wa miaka nane aweke daftari: tarehe ya kupanda, tarehe ya kuvuna, mafungu mangapi. Hapo hesabu anaisoma bila kujua.

Hapa sibembelezi: sumu

Wenzangu wa Mang'ola na Baray, nawasemesha waziwazi. Bustani ya mtoto haipigwi dawa. Viwavi vinaokotwa kwa mkono, vidukari vinapigwa kwa maji ya sabuni kidogo au majivu. Tuta lisiwe pembezoni mwa kitunguu, kwa sababu upepo hubeba dawa. Mtoto asichanganye dawa, asibebe bomba, asiingie shamba lililopuliziwa. Na kopo la kiuatilifu, hata ukiliosha mara kumi, haligeuki kopo la kumwagilia wala la maji ya kunywa. Nimeona yakitumika hivyo. Litoboe lisitumike tena, uliweke mbali na watoto na maji, kisha muulize afisa kilimo wa kata yako utaratibu wa kuliteketeza.

Ndugu zetu wa Ngorongoro

Ndani ya hifadhi kilimo hakiruhusiwi, na hilo mnalijua kuliko mimi, kwa hiyo siwezi kukushauri uchimbe tuta huko. Ushauri huu ni kwa walio nje ya hifadhi, wakiwemo wa Loliondo na Sale, ambako Wabatemi wamemwagilia kwa mifereji tangu zamani. Aliye ndani ya hifadhi, mboga utainunua. Inunue ya kijani, isiwe kabichi kila siku.

Na wewe mwenye genge

Mtoto akikuletea fungu la mchicha, usimwambie "kamwite mama." Angalia fungu, taja bei unayompa mtu mzima, weka fedha mkononi mwake. Kama fungu ni dogo, mwonyeshe fungu kamili linavyokuwa. Kesho atarudi na kubwa zaidi, na miaka kumi baadaye utakuwa na mkulima anayejua soko linataka nini. Ukimpunja leo, umejipunja mwenyewe.

Sharti moja

Yote niliyoandika hayana maana kama utavunja sharti hili: tuta likishakuwa lake, ni lake. Kama mnahitaji mboga ya jioni, muombe. Ndiyo, muombe, baba mzima. Kama shida imebana na lazima iuzwe, mwambie kabla ya kuuza, na umpe chake hata kama ni shilingi mia mbili. Asipomwagilia mchicha ukakauka, usimchape wala usiufufue kisirisiri usiku. Uache ukauke. Mbegu za pili atazitunza.

Na sisi maafisa ugani tusijitoe. Tukifika nyumbani tunauliza "mkuu wa kaya yupo?" na watoto wakisogea shamba darasa tunawafukuza wasikanyage. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe. Sasa hivi nikifika kwako nitauliza swali jingine kwanza: tuta la mtoto liko wapi?

Jumamosi hii chukua jembe wewe, chimba hizo hatua mbili, kisha muite mtoto kwa jina na umwambie mbele ya mama yake na ndugu zake: "Kuanzia leo hapa ni pako." Mfugaji amekuwa akifanya hivyo miaka yote, na zizi lake halijakosa mchungaji.