Mabungo Yaoza, Chupa Zafunguliwa

Ziko nyumba nyingi kisiwani Pemba ambamo mgeni akiingia leo, hata kabla hajakaa vizuri, mtoto hutumwa dukani kununua soda. Chupa huletwa juu ya sinia, na mwenye nyumba huona kwamba amekwisha kumkirimu mgeni wake. Nyuma ya nyumba hiyo hiyo, kondeni, mabungo yaliyoiva yamelala chini ya mbungo yakiliwa na wadudu. Sisi hatuuiti huo ukarimu. Twauita kasumba, na ubaya wake umezidi kwa kuwa hapana aliyetulazimisha.

Tunajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa kwamba utamaduni ni ngoma, mashairi na mavazi, na kwamba kinywaji ni haja ya koo tu. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolieleza Bunge la Tanganyika juu ya wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, aliwakumbusha wasomi kwamba wamejifunza rumba na chachacha, kisha akauliza ni wangapi kati yao wawezao kucheza Gombe Sugu au Lelemama. Swali lile lilikuwa la miguu, na limejibiwa kwa vikundi vingi vya ngoma. Swali la kata halijaulizwa bado, nasi twaliuliza sasa: ni wangapi kati ya vijana wetu wawezao kutengeneza maji ya mabungo kwa mikono yao?

Kijana wetu mmoja, mtumishi wa hoteli ya watalii, alitueleza kinywaji kimoja ambacho wageni hukiagiza, nacho huitwa Boulevardier. Kimeandikwa katika kitabu cha Harry MacElhone, mwenye baa mjini Paris, kilichotoka mwaka 1927: theluthi moja whisky ya Kimarekani, theluthi moja Campari iliyo chungu na tamu pamoja, na theluthi moja vermouth ya Kiitalia, yaani mvinyo uliotiwa mitishamba na viungo. Siku hizi watengenezaji wengi huzidisha whisky kidogo. Hukorogwa kwa kijiko kirefu pamoja na barafu, wala hakitikiswi. Hata mtu aliyehusishwa nacho anajulikana, naye ni Erskine Gwynne, Mmarekani aliyekuwa akitoa gazeti lenye jina hilo hilo. Kijana wetu aliyasema haya yote bila kusita. Tulipomwuliza bibi yake hutia iliki kiasi gani katika mabungo, alicheka.

Hatukukitaja kinywaji hicho ili kinywewe. Dini ya wengi wetu imekwisha kukata shauri, nasi hatuna la kuongeza. Tumekitaja kwa sababu wenye nacho wamekiheshimu: wamekipa jina, wamekipima, wamekiandika, hata mtu wa mbali akakikoroga nyumbani kwake sawasawa na kule kilikotoka. Isitoshe, miongoni mwa viungo vya vermouth mara nyingi imo karafuu. Tangu tufani ya mwaka 1872 ilipoiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa sehemu kubwa, karafuu nyingi ya Zanzibar imetoka katika mashamba yetu. Karafuu twaiuza kwa ratili na kilo. Ustadi wa kuitia kinywajini twawaachia wengine.

Na ustadi tunao. Bungo huchaguliwa lililogeuka rangi, likavunjwa gamba kwa kugongwa, si kwa kisu. Kokwa zake, zilizovikwa nyama ya rangi ya machungwa, hutiwa katika maji ya vuguvugu zikaachwa zilainike. Kisha hukorogwa kwa mwiko, polepole, mpaka nyama iachane na kokwa. Hapo ndipo mwenye haraka hujulikana, kwani kokwa ikipondeka maji huharibika, na mashine za umeme zimewaharibia wengi. Hufuata kuchuja, sukari, iliki, na kwa wengine chembe ya chumvi. Wazee walikuwa na mtungi uliofukizwa ubani, na maji yake yalitosha kuipoza koo bila barafu. Nani atatuonyesha unga wa rangi wa pakiti wenye ladha kama hiyo?

Sisi wenyewe hatumo nje ya lawama hii. Tumeketi katika mikutano ya utamaduni, tukazungumza mpaka adhuhuri juu ya kuhifadhi mila, na mbele ya kila mmoja wetu ilisimama chupa ya soda. Hapana aliyeona ajabu. Mwandishi wa maneno haya alikunywa mbili.

Ipo hoja moja ambayo twaikubali kuwa ni nzito. Akina mama husema: soda haina kazi, mabungo yana kazi, na kazi hiyo ni yetu peke yetu. Wanasema kweli. Anayetaka mabungo yarudi sebuleni huku yeye amejilaza barazani hataki utamaduni, ataka mtumishi. Mwanamume awezaye kupanda juu ya mkarafuu na kuchuma mpaka jioni hashindwi kushika mwiko. Na skuli zetu, zinazowafundisha watoto kupima unga wa keki kwa gramu, ziwafundishe wavulana na wasichana pamoja kupima mabungo.

Yafaa basi kila nyumba iandike kipimo chake kabla wenye kukijua hawajaondoka. Cha nyumbani kwetu tulikipata kwa kumsimamia mama yetu jikoni na kalamu mkononi, naye akitushangaa: mabungo makubwa sita, maji vibaba viwili, sukari kikombe kimoja cha chai, iliki punje nne. Iliki husagwa siku ile ile.