Chupa zetu zisitupwe

Ndugu wanafunzi na mabwana walimu,

Juma lililopita chupa zetu tatu zilitupwa bwenini, eti ni uchafu. (Mutusamehe, moja ilinuka kweli.) Ndani mulikuwa watoto wa mbu. Tangu darasa la kwanza tunachora mbu ubaoni, kumbe hatukumjua! Wale wa pipa walining'inia kichwa chini: Kuleksi. Lakini wale tuliochota kwenye shimo la robine walilala sawasawa na uso wa maji. Hao njo Anofele, wenye kuleta malaria. Kitambaa kilifunika chupa, hakuna aliyetoka. Tuliweka tone la mafuta ya taa, wakakosa pumzi, wakafa.

Tunaomba meza moja nyuma ya jiko, na ruhusa ya kufukia lile shimo. Wadogo wetu wawili wangali wanalala na homa.

Makapita wa darasa la sita