Betri mbili kwenye boti ndogo: kwa nini suala hili linatuhusu Kibaha na Kisarawe

Kibaha na Kisarawe hazina bahari. Lakini mkoa wetu wa Pwani unayo, kuanzia Bagamoyo hadi Mkuranga, Kibiti na Mafia, na vijana wengi wa vijiji vya ndani wamekwenda huko kutafuta riziki kwenye uvuvi. Kwa hiyo tunaposoma hewani tahadhari ya upepo mkali na mawimbi kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), wapo wasikilizaji wanaojiuliza swali moja: yule aliye majini sasa hivi ataisikia vipi?

Jibu ni fupi. Ataisikia kama simu au redio yake ina chaji. Na kwenye boti ndogo, chaji inategemea betri.

Tukumbuke kimbunga Hidaya kilichotua Mafia Mei 4, 2024. TMA ilianza kutoa taarifa siku chache kabla, na boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa. Aliyekuwa nchi kavu alipata nafasi ya kujiandaa. Kwa mvuvi aliyekwenda dago, anayekaa siku kadhaa mbali na kijiji chake, taarifa hiyo ilikuwa na faida kama tu simu yake ilikuwa bado inawaka.

Betri moja, kazi nyingi

Zamani wavuvi wa dagaa walitumia karabai kuvuta samaki usiku wa giza. Taa ikizimika, ilizimika hiyo tu. Leo wengi wanatumia taa za LED zinazowashwa kwa betri. Ni nafuu kuliko mafuta ya taa na hazizimwi na upepo. Lakini betri hiyohiyo sasa inachaji simu, inawasha kifaa cha kuonyesha njia, na inawasha taa ya kuonya vyombo vingine. Ikiisha, vyote vinazimika pamoja.

Nayo huisha haraka kuliko tunavyodhani. Chukua betri ya kawaida ya maji ya N100, yaani yenye uwezo wa ampea-saa 100. Ili idumu, isitumiwe zaidi ya nusu. Taa tatu za wati 20 kwenye betri ya volti 12 zinakula ampea 5. Zikiwaka kuanzia saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri, ni saa 10, sawa na ampea-saa 50. Nusu imekwisha, na hapo hatujachaji simu hata moja. Ukiongeza taa ya nne, umeshaanza kuiua betri.

Zinavyopangwa

Betri ya kwanza ni ya kazi: taa za kuvulia. Ya pili ni ya akiba: simu, redio, kifaa cha njia na taa ya ishara. Betri ndogo ya N50 inatosha kuchaji simu za mabaharia kwa siku kadhaa. Kanuni kuu ni moja: taa za kuvulia zisiguse betri ya akiba.

Kwenye boti yenye injini ya kuwashwa kwa ufunguo, betri ya akiba ndiyo pia ya kuwashia injini. Hapo fundi huweka swichi ya kuchagua betri, au kifaa kinachounganisha betri mbili pale tu injini inapochaji na kuzitenganisha injini ikizimwa. Injini nyingi ndogo za huku kwetu huvutwa kwa kamba na hazichaji betri. Hizo zinahitaji paneli ya sola yenye kontrola, au betri zichajiwe nchi kavu kabla ya safari.

Tunasisitiza mambo manne:

- Usiunganishe moja kwa moja betri mpya na kuukuu. Iliyochoka huinyonya nzima.
- Weka fyuzi karibu na betri kwenye waya wa chanya. Moto katikati ya maji hauna pa kukimbilia.
- Funga betri ndani ya sanduku lenye tundu la hewa, juu ya maji ya ngamani. Maji ya chumvi yakiingia ndani ya betri ya asidi yanaweza kutoa gesi ya sumu.
- Pima volti kabla ya kuondoka. Betri iliyotulia ikiwa na 12.6 imejaa, ikiwa na 12.2 imefika nusu.

Nani alipe?

Hapa ndipo penye ugumu. Taa ya ziada huleta samaki, kwa hiyo hujilipa. Betri ya akiba haileti hata dagaa mmoja hadi siku ya shida. Mara nyingi mwenye chombo ndiye anayenunua vifaa, na mabaharia hupata mgao baada ya gharama kutolewa. Anayeamua kutonunua betri ya pili si lazima awe ndiye atakayekaa gizani.

Januari 2024, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aligawa boti za kisasa kwa wavuvi kwa mkopo nafuu. Kwa maoni yetu, mkopo wa boti wowote ungehesabu betri ya akiba pamoja na majaketi ya kujiokolea. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lenye jukumu la usalama wa vyombo vya majini, pamoja na vikundi vya BMU kwenye mialo, wangeweza kuuliza swali hilo kabla chombo hakijatoka: simu yenu inachajiwa na nini taa zikimaliza betri?

Na wewe uliye Mlandizi au Maneromango, kama una ndugu majini, muulize hivyo hivyo. Sisi tutaendelea kusoma tahadhari. Kuzipokea kunahitaji betri ambayo taa hazijaimaliza.