Beki Mgeni Afundishwe Kiswahili

Klabu ya soka ya Singida Big Stars iliposajili Wabrazili mwaka 2022, akiwemo beki Dario Frederico, uwanja wake wa Liti ulipata lugha mpya. Mijadala ya usajili kwa kawaida huishia miguuni, lakini ulimi nao una uzito wake. Mshambuliaji anaweza kufunga bila kusema neno. Ngome huimarishwa kwa kelele. Mbrazili akimwonya mwenzake kwamba mpinzani yuko mgongoni, hupiga yowe “ladrão”, yaani mwizi. Mwingereza husema “man on”. (Kwetu yowe la mwizi lina kazi nyingine kabisa.) Wengine watasema soka ni lugha tosha. Kwenye pasi, sawa. Kwenye mtego wa kuotea, kutoelewana kwa sekunde moja huzaa bao. Klabu inayomlipa beki mgeni imlipe na mwalimu wa Kiswahili, tangu wiki ya kwanza kambini.