Macho Tunayo, Kalamu Je?

Muhula uliopita tulitangaziwa safari ya kwenda kuona makumbusho ya taifa jijini Nairobi. Nilipomwomba baba nauli, alicheka. "Pesa za kwenda kutazama mifupa? Wenzako wanachuma miraa, wewe wataka mifupa!" Sikwenda. Lakini sikubaliani naye, na leo nitasema kwa nini.

Wengi hapa Laare hudhani makumbusho ni ghala la vitu vikuukuu. La hasha! Ni mahali pa kazi. Pale watafiti huhifadhi mimea iliyokaushwa, ndege, wadudu na visukuku, kisha huvichunguza ili tujue tulikotoka.

Mfano ni Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Ukambani aliyefariki mwaka 2022. Shule alisoma kidogo tu. Mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya kokoto za rangi ileile. Walipochimba, wakapata sehemu kubwa ya mifupa ya mvulana aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Dunia nzima ilishangaa!

Najua mtaniuliza, "Kama Kamoya hakusoma sana, shule ya nini basi?" Hapo ndipo penye ukweli mchungu. Makala ya kisayansi kuhusu mifupa hiyo, yaliyotokea katika jarida la Nature mwaka 1985, yaliandikwa na wanasayansi wanne. Jina la Kamoya halimo. Macho yalikuwa yake, kalamu ikawa ya wengine.

Vijana wenzangu, sisi macho tunayo. Mchumaji miraa huchagua chipukizi laini juu ya mti hata kabla jua halijapanda. Wazee wetu wa Nyambene wanajua mti upi ni dawa na upi ni sumu. Lakini mwaka huu wavulana watatu wa darasa letu wameacha shule wakafuata miraa. Nani basi atayaandika wanayoyajua wazee?

Walimu wetu, tuanze na kabati moja tu: majani yaliyokaushwa ndani ya magazeti, na kila jani liandikwe jina la Kimeru, jina la Kiswahili, mahali na tarehe. Hayo pia ni makumbusho.

Nawe baba, ukisoma haya usikasirike. Mwaka ujao nitakuomba nauli tena. Wahenga walisema, mtafutaji hachoki.