Acheni Kutupigia Makofi Nyuma

Nilianza kukimbia nikiwa na miaka 8, na aliyenifundisha alikuwa na fimbo.

Kama ulisoma shule ya msingi ya serikali Tanzania huhitaji maelezo marefu. Asubuhi, umande haujakauka, mnapangwa mistari, kiranja anaanzisha wimbo, mnalizunguka kijiji. Mchakamchaka. Mbele wapo wenye miguu mirefu. Nyuma kabisa yupo mwalimu wa zamu, na kati ya mwalimu na wenzangu nipo mimi, mnene wa darasa la pili, kandambili nimezishika mkononi. Anayebaki nyuma anachapwa miguuni. Ukichelewa namba, zunguka uwanja. Ukipiga kelele darasani, zunguka uwanja. Wenye mbio walichaguliwa kwenda UMITASHUMTA, wakarudi na hadithi za safari. Sisi wengine tulibaki na somo moja: kukimbia ni jambo linalowapata wenye makosa.

Miaka 21 baadaye nesi alinifunga mkanda wa kupimia presha, akapima, akanyamaza, akahamia mkono mwingine, kisha akaniuliza nina umri gani. Mashine ilisoma 152 kwa 96. Mama yangu alipooza upande wa kulia akiwa na miaka 51. Tangu hapo anakula kwa mkono wa kushoto, na kwa mwanamke aliyetulea kwa kutupiga vidole tukishika tonge kwa kushoto, hiyo ni fedheha ya kila siku. Kwa hiyo daktari aliponiandikia dawa na kusema, "Na mazoezi pia, kimbiakimbia kidogo," sikuhitaji kuhamasishwa. Ninaishi na sababu yangu nyumba moja.

Nilichohitaji ni mtu wa kuniambia namna ya kufanya. Na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia, kwa sababu katika mji huu kuna watu elfu wa kukuambia uamke na hakuna wa kukuambia ukishaamka ufanye nini. Fungua simu alfajiri: toka kitandani, acha visingizio, mwili unafuata akili. Kukimbia kunauzwa kama suala la utashi. Aliyeacha ni mvivu. Hakuna anayeuliza alianzaje.

Nilijiunga na klabu moja ya mbio hapa Dar es Salaam. Tangazo lilisema wote mnakaribishwa, kilomita 5, mwendo wa taratibu. Jumamosi saa 12 asubuhi tulikuwa watu kama 40. Baada ya dakika 3 sikumwona mtu mbele yangu. Baada ya dakika 6 nilikuwa nimeinama, mikono magotini, mate mazito kama uji. Ndipo kiongozi akarudi. Kijana mwema, nasisitiza hilo. Akakaa nyuma yangu na kuanza kupiga makofi. "Twende dada! Usitembee! Ukitembea umeshindwa!" Pa, pa, pa. Sijui kama yeye aliwahi kuchapwa shuleni kwao. Mgongo wangu uliitambua sauti ile kabla sijaifikiria. Nilikimbia, na msidhani ni ari. Nilikimbia kama nilivyokimbia darasa la pili.

Nilirudi Jumamosi tatu zaidi. Wiki ya nne ugoko wa kulia ukaanza kuuma, kwanza nikikimbia, kisha hata nikisimama kwenye daladala. Nilipoandika hivyo kwenye kundi la WhatsApp, mtu alijibu kwa picha ya John Stephen Akhwari.

Mnaijua. Mexico, Oktoba 1968, mbio za marathoni za Olimpiki. Akhwari aligongana na wenzake, akaanguka, akaumia goti na bega, lakini akaendelea. Aliingia uwanjani goti likiwa limefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Waliomaliza walikuwa 57, na yeye ndiye wa 57. Nampenda Akhwari kama anavyompenda Mtanzania yeyote. Lakini hebu tuseme kweli. Alikuwa mwanariadha aliyejiandaa, aliyechaguliwa kuiwakilisha nchi, katika siku moja ambayo haitarudi. Kuichukua siku ile na kumpa mhasibu anayekaa kwenye kiti saa 9, iwe ratiba yake ya kila Jumamosi, ni kumkosea heshima Akhwari na kumvunja miguu mhasibu. Nilijua hilo baadaye. Wakati ule niliona aibu, nikakimbia na ugoko wangu, na malipo yake yakawa wiki 7 za kushuka ngazi za ofisi nikishikilia ukuta.

Ambacho hakuna aliyeniambia ni hiki. Mwili hauzoei wote kwa wakati mmoja. Moyo na pumzi hupata nafuu mapema, ndani ya wiki chache unajisikia mtu mpya. Mifupa na kano huenda kwa saa yao, na saa hiyo inahesabiwa kwa miezi. Kwa hiyo hatari kubwa ya anayeanza haiko siku ya kwanza anapohema kama mbuzi wa kupelekwa mnadani. Iko pale anapoanza kujisikia vizuri na wote wanamwambia aongeze. Ukimsukuma mtu huyo kwa makofi humsaidii kuwa na nidhamu. Unampeleka kwenye maumivu, kisha akiacha unamwita mvivu.

Mara ya pili nilianza peke yangu, barabara za ndani za Chuo Kikuu, Mlimani, kwa sababu tunakaa Changanyikeni na pale kuna miti na bodaboda wachache. (Wachache, sikusema hawapo. "Dada, mwizi kapita wapi?" hiyo utaisikia hata ukikimbia msikitini.) Dakika 1 kukimbia, dakika 2 kutembea, mara 8, basi, nyumbani. Siku tatu kwa wiki. Kasi yangu ilikuwa hivi: kama siwezi kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, nimezidisha. Kwa kuwa sikuwa na wa kuongea naye, nilisema orodha ya sokoni kwa sauti. Nyanya za elfu mbili, vitunguu, dagaa, sabuni ya unga. Walinzi walinihurumia.

Na ni katika kusema vile, mlima wa kurudi ukiwa mbele yangu, nilipokumbuka kwamba tulikuwa tukiimba. Mchakamchaka ulikuwa na wimbo! Kiranja anaita, darasa linaitikia, na huwezi kuitikia ukiwa umekata pumzi. Wimbo ndio uliopanga kasi ya kundi. Tulikuwa na kipimo kilekile, tena cha bure, kwenye vinywa vya watoto wa miaka 8, kisha mtu mzima akaweka fimbo nyuma na kukiharibu, kwa sababu aliye nyuma hakuweza tena kuimba. Alikuwa analia.

Mtu atasema bila kusukumwa watu hawaendi. Nendeni Temeke au Mbagala Jumapili alfajiri, mwaone vikundi vya jogging vya mtaani. Mama wa miaka 60 mbele, ngoma, wimbo, tisheti moja, na mwenzao akifiwa wanachanga. Wanakwenda polepole kiasi cha kuudhi madereva. Kinachowarudisha kila wiki ni kwamba hakuna anayeachwa. Hata wakimbiaji wakubwa hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao kwa mwendo ambao ungewaaibisha vijana wa klabu yangu ya zamani. Na Shirika la Afya Duniani, linaposema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, linahesabu na kutembea kwa haraka. Ni sisi tulioamua kutembea ni kushindwa.

Kwa hiyo nawaambia wenye klabu, bila chuki. Mkiandika "wote mnakaribishwa", andikeni pia "kutembea kunaruhusiwa", na muwe wa kwanza kutembea. Atakayekaa nyuma na mgeni asipige makofi. Amuulize habari za kwao. Mgeni akikata pumzi katikati ya jibu, wote wawili watembee. Na anayesema ugoko unamuuma aambiwe apumzike, asitumiwe picha ya shujaa.

Nimefika dakika 20 mfululizo, baada ya miezi 4. Presha ilikuwa 138 kwa 88 mwezi uliopita, na dawa bado nameza, mtu asije akaacha zake kwa ajili yangu. Mama, aliyekuwa akinisubiri barazani na kuuliza kila kitu, amedai ratiba yake: dakika 1 kutembea, dakika 2 kukaa. Ninatembea nyuma yake na stuli mkononi. Jana alifika kwenye mwembe wa jirani, akakaa, akawasalimu wapita njia wote kwa majina, kisha akasema, "Haya mwanangu, bado moja."