Daftari la Getini: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, Nairobi

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Katika fleti nyingi za Nairobi, udhibiti wa wageni huanza na kuishia kwenye daftari lililochakaa mezani pa soja. Safu ya jina, ya kitambulisho, ya simu, ya saa. Kalamu imefungwa uzi isiibwe. Mgeni wa nyumba ya kukodi kwa siku huandika "John", huruka kitambulisho, na geti hufunguliwa. Ufunguo uko mlangoni, ndani ya kisanduku cha namba za siri. Mwenye nyumba huenda yuko Dallas.

Januari 2024, wanawake wawili waliuawa katika nyumba za kukodi kwa siku, mmoja South B na mwingine Roysambu, hata wiki mbili hazijapita baina ya vifo hivyo. Tarehe 27 maelfu wakaandamana kupinga mauaji ya wanawake. Mamlaka nayo ikawataka wenye nyumba wajisajili, na ilikuwa na haki. Ila cheti cha mwenye nyumba hakimtambui anayepanda lifti saa tano usiku.

New York imekaza zaidi. Tangu Septemba 2023, anayekodisha makao yake kwa chini ya siku 30 sharti asajiliwe, awemo humo humo na wageni wasiozidi wawili, na programu ya kukodishia nyumba mtandaoni, kama Airbnb, imekatazwa kupokea malipo ya nyumba isiyosajiliwa. Sharti hilo la mwisho linafaa kuigwa. La kukaa humo pamoja na mgeni lingemfilisi mama wa Kilimani aliyenunua makochi na televisheni kwa mkopo wa chama.

Tena Kenya ina lake. Hapa "Airbnb" ni nyumba yoyote ya siku mbili tatu, hata iliyotangazwa WhatsApp na kulipiwa kwa M-Pesa, kama vile kila sabuni ya unga ilivyoitwa Omo. Wenye nyumba hizo hawatanaswa na sharti la programu.

Lakini wageni wao wote hupita getini. Kanuni na imlazimishe mwenye nyumba kumtumia soja jina na namba ya kitambulisho kabla mgeni hajafika; soja alinganishe kadi na uso, kama mapokezi ya hoteli yanavyofanya. Apewe pia simu ya mtu aliye karibu, anayeweza kufika usiku uleule. Kwa sasa, akisikia mayowe ghorofa ya nne, soja ana rungu, tochi, na ukurasa ulioandikwa "John".